Menyu Isiyo na Bei

Shangazi yangu hafanyi kazi tena pale hotelini, na wanaosema alifukuzwa wanasema kweli. Wanaosema alifukuzwa kwa sababu ya mdomo wake nao hawajakosea. Ila kuna wanaosimulia kisa hicho huku wakitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba alipatwa na ajali, na hao ndio ninaotaka kuwanyamazisha. Shangazi hakupatwa na kitu. Alijua anachokifanya, alikifanya kwa makusudi, mchana kweupe, mbele za watu waliovaa vizuri, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya dirisha la jikoni na kisu cha vitunguu mkononi.

Jikoni tulimwita Tarumbeta. Ni dada mkubwa wa baba yangu, mfupi, mwepesi wa miguu, mzito wa kusamehe. Aliingia pale akiwa mwosha vyombo kabla mimi sijazaliwa, akapanda ngazi kwa ngazi hadi akawa mhudumu wa kwanza mwanamke kuruhusiwa kupeleka chakula kwenye ukumbi mkubwa. Alipoleta oda dirishani, hata aliyejifungia stoo alisikia. Akigeuka kurudi ukumbini, sauti hiyohiyo ilishuka ikawa laini, ungedhani ni mtu mwingine. Yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kukata mboga. Siku ya kwanza aliniambia, "Ukijikata, usilie juu ya saladi," na huo ndio ukawa ukaribisho wangu.

Mkuu wetu wa ukumbi alikuwa mzee mmoja aliyevaa shati lenye kola ngumu kama kadibodi, kwa hiyo jina lake likawa Kola. Kila mfanyakazi mpya alikalishwa na Mzee Kola kwenye kiti, akasimuliwa historia ya menyu, atake asitake. Zamani, alisema, hoteli haikuwa na menyu kabisa. Kengele ililia mchana, wageni wakakaa kwenye meza moja ndefu, wakala kilichopikwa. Asiyependa maharage alisubiri kengele ya jioni, na huenda jioni pia ikawa maharage. Baadaye ukaja ubao wa chaki mlangoni, ambao mpishi aliufuta kila chakula kilipokwisha, hata ikafika saa wageni walisimama mbele ya ubao mtupu wakiulizana. Kisha zikaja karatasi zilizopigwa taipu, moja kila meza, zikajaa mafuta na madoa ya chai mpaka mgeni wa leo aliweza kujua mgeni wa jana alikula nini. Mwisho kabisa zikaja menyu zenye majalada magumu, na pamoja nazo yakaja maneno.

Hapo kwenye maneno ndipo tulipokuwa tukimchokoza. Chakula cha kutangulia kikawa kianzio. Papai lililokatwa likawa kitindamlo. Supu ya mabaki ikaitwa Supu ya Leo, ingawa sisi tulioipasha moto tulijua ni ya juzi. Kulikuwa na kitu kilichoandikwa kwa herufi za madoido, Chaguo la Mpishi, na mpishi mwenyewe alikiita safisha friji. Mzee Kola hakucheka. Kwake menyu ilikuwa jambo la heshima, na alikuwa hajafika bado kwenye sehemu aliyoipenda kuliko zote.

Sehemu hiyo ni hii. Mwasisi wa hoteli, baba yake bosi mwenye hoteli tuliyemkuta sisi, aliwahi kusafiri mbali akala kwenye mahoteli ya wakubwa. Huko akaona mwanamume anapewa menyu yenye bei na mwanamke aliyekaa naye anapewa menyu isiyo na bei. Vyakula vilevile, mpangilio uleule, ila upande wa kulia wa menyu ya mwanamke pako peupe. Jambo hilo lilimvutia hadi akakosa usingizi. Aliporudi akachapisha za kwake. Zenye jalada jekundu zilikuwa na bei, zenye jalada la bluu hazikuwa nayo. "Mwanamke akiingia humu," Mzee Kola alimalizia huku akinyoosha kola, "hasumbuliwi na hesabu. Anakula." Sisi jikoni tuliziita ya baba na ya mama.

Mtaniuliza Shangazi alizigawaje miaka yote hiyo bila kusema neno. Alizigawa kwa sababu alikuwa na watoto wa kusomesha na mimi juu yao, na kwa sababu kazi ya trei haina nafasi ya kuwaza sana. Nyie mnaouliza mlikuwa wapi?

Kilichomfungua mdomo ni fundi cherehani mmoja. Mama huyu alikuwa na kibanda chake cha kushonea nyuma ya soko, ameajiri wasichana wake, anajitegemea. Siku hiyo alikuja na kaka yake, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali baada ya kulazwa muda mrefu, koti linamning'inia mabegani. Dada mtu alikuwa amemwahidi kwamba akipona tu, atampeleka kula mahali pazuri. Wakakaa kwenye meza ya Shangazi. Kama ilivyo kanuni, kaka akapewa nyekundu, dada akapewa ya bluu.

Sasa tazama ujinga unavyofanya kazi. Anayelipa haoni bei, anayeona bei halipi. Kaka akafungua, akasoma, macho yakamtoka. Akaifunga menyu polepole akasema, "Mimi supu tu inanitosha."

"Supu tu?" dada akashangaa. "Nimekutoa nyumbani uje kunywa supu? Hospitali hukuchoka supu?"

"Tumbo bado halijakaa sawa."

"Tumbo lako nalijua mimi. Mletee samaki wa kuoka, dada. Na mimi samaki. Na nyama ya kuchoma tuionje wote. Na hivi vitamu vya mwisho, hivi hapa vyote viwili."

Kaka alimpiga dada yake teke chini ya meza, Shangazi aliliona kwa macho yake, na dada akadhani ni utani wa kifamilia, akacheka, naye akampiga teke. Shangazi akasimama pale na kalamu yake. Kanuni ilikataza mhudumu kutaja bei mezani. Ilihesabika kuwa ni utovu wa adabu. Akaandika oda, akaileta dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliisoma kwa sauti ndogo.

Walikula vizuri, hilo siwezi kuwanyima. Kisha Mzee Kola akaleta bili kwenye kisahani cha fedha, akaiweka mbele ya mwanamume, akainama, akaondoka. Yule kaka hakuigusa. Aliitazama jinsi unavyotazama barua yenye habari ya msiba, kisha akaisukuma kwa kidole kuvuka meza. Dada akaisoma. Hakupiga kelele, hakubishana. Alifungua pochi akaimimina yote kwenye kisahani, hadi ile aliyokuwa ameikunja pembeni kwa ajili ya nauli. Wakaondoka kwa miguu juani, mtu wa watu akiwa hajapata nguvu. Kupitia dirisha la ukumbi Shangazi alimwona amekaa kwenye ukingo wa barabara anapumzika, na dada yake amesimama mbele yake kumkinga na jua kwa mwili wake.

Shangazi aliingia jikoni, akaweka trei chini kwa kishindo. "Tumemla yule mama," akasema. "Mchana huu tumemla mtu." Mpishi alimwambia apoe. Hakupoa. Hajapoa hadi leo.

Kuanzia kesho yake kila aliyekaa kwenye meza za Shangazi alipewa nyekundu, awe na ndevu au hereni. Vituko vilianza hapohapo. Bwana mmoja mwenye kitambi, aliyemleta binti wa watu kwa mara ya kwanza, alimwona binti anashusha kidole kwenye safu ya bei, akauliza kwa wasiwasi, "Unatafuta nini huko?" Binti akajibu, "Natafuta utakapozimia." Mama mwingine alisoma ukurasa mzima, akamgeukia mumewe akasema nyama hiyohiyo anayo nyumbani kwenye friji, wakainuka wakaenda. Hao ndio waliofikisha habari kwa bosi, maana meza iliyoinuka bila kula huonekana kuliko meza kumi zilizoshiba.

Bosi hakuwa mtu mbaya wa kupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikuwa kijana mpole, msafi, anayekuita dada huku anakukata. Akaamuru menyu nyekundu zihesabiwe na Mzee Kola, na Shangazi asipewe hata moja ya ziada. Penye wageni wawili, mume na mke, atapewa moja nyekundu na moja ya bluu, basi. Mzee Kola akatekeleza bila kumtazama usoni.

Shangazi naye akatekeleza. Akampa mwanamke ya bluu kwa mikono miwili, akasubiri aifungue, kisha akasimama wima na kuanza kumtajia. "Samaki wa kuoka," na bei. "Kuku wa kukaanga," na bei. "Supu ya Leo," na bei, kianzio hadi kitindamlo, yote kichwani, kwa ile sauti laini ya ukumbini. Menyu zilifungiwa kabatini, lakini mdomo hauna kabati. Wanawake wengine walitabasamu. Wengine waliona haya. Mmoja alimwambia hakuja pale kusomewa bei kama yuko gulioni, na Shangazi akamjibu, "Samahani, mama, basi mimi nitasoma na wewe usisikie."

Ndipo akaitwa ofisini. Mimi sikuwemo, lakini alinisimulia chumbani tulikokuwa tukibadilishia nguo, na Shangazi akisimulia hata viti huwa vinaongea. Bosi alimkaribisha, akamwagizia chai. Akamwambia Mzee Kola anastaafu, na nafasi ya mkuu wa ukumbi ni yake, hakuna mwanamke aliyewahi kuishika, na yeye anaona wakati umefika. Jumapili atamleta mama yake mzazi, Bi Mkubwa, kula mchana. Shangazi ndiye atakayemhudumia, na baada ya chakula atatangazwa mbele ya wote.

"Ila hii habari ya bei iishe, dada," bosi akasema. "Mwanamke akiona bei anapoteza hamu ya kula."

"Mimi naziona sokoni kila siku, bosi," Shangazi akamjibu, "na hamu ninayo."

"Baba yangu ndiye aliyeanzisha utaratibu huu. Ni heshima kwa wanawake."

"Basi nipe miye heshima nyingine. Hii imenichosha."

Bosi akacheka kidogo, akasimama kumfungulia mlango. Alidhani wamemaliza.

Nisiwafiche, ile nafasi Shangazi aliitaka. Aliitaka kwa roho yake yote. Aliujua ukumbi ule meza kwa meza, ile inayoyumba, ile inayopigwa na jua saa za chakula, ile ambayo wachumba huiomba kwa sababu imejificha nyuma ya nguzo. Miaka mingi alikuwa akipanga ukumbi kwa jasho lake na Mzee Kola akipongezwa. Nyumbani baba yangu alimsihi usiku na mchana. "Dada, pokea cheo kwanza. Ukishakaa kitini, menyu utazibadilisha taratibu."

"Nikishakaa kitini kwa sharti la kunyamaza," akasema, "nitanyamaza. Nimewaona wengi waliosema watasema baadaye. Huyo baadaye hajawahi kufika."

Na mimi? Mimi nilimwambia apokee. Nilikuwa naogopa kibarua changu, maana mpwa wa mkorofi huhesabiwa mkorofi. Alinitazama, akanirekebishia kilemba.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bosi aliingia na mama yake mkononi. Bi Mkubwa alikuwa bibi mrefu, mkavu, amenyooka, na masikio yake yalikuwa yameanza kuzeeka kabla yake, jambo ambalo alilikana kabisa. Asiposikia alisema wewe ndiye huna sauti. Alikuwa akila katika hoteli ile tangu mumewe angali hai, na miaka yote hiyo alikuwa amepewa menyu ya bluu. Hoteli ni yake kwa nusu, na hakuwahi kujua sahani ya samaki inauzwaje.

Wakakaa meza ya katikati. Mzee Kola akasimama ukutani, kola yake imepigwa pasi kama siku ya harusi. Shangazi akaja. Bosi akapewa nyekundu. Bi Mkubwa akapewa ya bluu. Nilimwona bosi anashusha mabega, na mimi nikashusha pumzi kule dirishani. Nilijua amekubali. Nilifurahi, na papo hapo nikajisikia vibaya kwa kufurahi.

"Haya, leo kuna nini kizuri?" Bi Mkubwa akauliza.

"Kuna samaki wa kuoka, Bi Mkubwa," Shangazi akasema, kisha akataja bei yake.

Bosi akainua kichwa. "Dada. Tulikubaliana."

"Hatukukubaliana, bosi. Wewe ulisema, mimi nikanywa chai."

"Anasema nini?" Bi Mkubwa akauliza. "Mwanangu, ongea kwa nguvu. Siku hizi watu hamli vizuri, sauti zimewaisha."

Bosi akafumba macho. Nadhani yeye ndiye aliyeelewa kwanza kinachokuja. Shangazi akavuta pumzi, na sauti iliyotoka ilikuwa ya dirisha la jikoni, ile Tarumbeta yenyewe, haijawahi kusikika kwenye ukumbi ule tangu ujengwe.

"SAMAKI WA KUOKA!" na bei.

Uma zikasimama. Mtoto mmoja aliyekuwa akilia akanyamaza kusikiliza.

"Samaki mmoja?" Bi Mkubwa akauliza. "Amesomea wapi huyo samaki?"

Watu wakacheka, kwanza kwa mikono midomoni, kisha waziwazi. Shangazi hakucheka. Aliendelea na kuku. Aliendelea na nyama. Alipofika kwenye vitindamlo, mama mmoja wa meza ya dirishani akapaza sauti, "Na ile supu, dada, hujaitaja!" Akaitaja. Mwingine akauliza juisi. Akaitaja. Wanaume wengine waliinamisha nyuso kwenye menyu zao nyekundu kana kwamba wamezikuta njiani. Jikoni mpishi alikuwa ameacha sufuria ikiungua amekuja kusimama nyuma yangu, anarudia bei zile chini kwa chini, na nilisikia kwamba hata yeye hakuwa akizijua zote.

Bosi akasimama. Upole wote ulikuwa umemtoka. "Vua aproni," akasema. "Vua sasa hivi. Kuanzia dakika hii wewe si mfanyakazi wangu."

Nilitaka kutoka mbio. Nikabaki dirishani. Shangazi akafungua mafundo ya mgongoni, moja, jingine, akaikunja aproni vizuri, akaitundika kwenye mgongo wa kiti cha bosi. Wanaosema hakujali hawakuona alivyoilainisha mikunjo yake kwa kiganja. Miaka yake yote ilikuwa kwenye kile kitambaa. Lakini kichwa hakukiinamisha.

"Imebaki chai na kahawa, Bi Mkubwa," akasema, na bei zake akazitaja kwa sauti ileile.

"Kwani anavua nguo za kazi aende wapi?" Bi Mkubwa akamwuliza mwanawe.

"Nimemfukuza, Mama."

"Umefanyaje?"

"NIMEMFUKUZA KAZI!" bosi akapaza, na ukumbi mzima ukamsikia yeye pia.

Bi Mkubwa akalitafakari hilo. Akaifunga menyu ya bluu, akaisogeza kando, akakipigapiga kiti kilichokuwa kitupu upande wake wa kulia. "Vizuri. Kama si mfanyakazi wako tena, basi ni mgeni wangu. Kaa, mwanangu. Umesimama muda mrefu."

Shangazi akakaa. Akakaa kwenye ukumbi mkubwa, kwenye kiti ambacho alikuwa akikifuta vumbi kila asubuhi, akaweka mikono yake mezani, na kwa mara ya kwanza hakujua aifanyie nini.

Hakuna mhudumu aliyesogea. Walikuwa wametazamana wakiogopa, na siwalaumu. Bosi aliangaza huku na huku akimtafuta wa kumwamuru. Hapo ndipo Mzee Kola alipojibandua ukutani. Nikajua amekuja kumtoa Shangazi nje, kwa adabu zake zote, akimshika kiwiko. Alienda kwanza kabatini. Alirudi akitembea taratibu kama kawaida yake, menyu tatu kwapani, akainama mbele ya Bi Mkubwa akamkabidhi nyekundu. Akainama mbele ya Shangazi, akainama hasa, akamkabidhi nyekundu. Kisha akaichukua ile iliyokuwa mbele ya bosi, na mahali pake akaweka ya bluu.

Bosi akaifungua kwa mazoea. Akaitazama juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi.

"Mzee Kola," akasema, "hii haina bei."

"Ndiyo, bosi," Mzee Kola akajibu. "Wewe kula tu."